Magogo Niliyoyasimamisha Kichakani

Assalaam aleikum kwa wanaoitikia hivyo, na kwa wengine, hamjambo. Wageni wetu mliotoka Vanga kwa barabara ile, poleni sana. Mwenyekiti ameniomba niwaeleze jinsi kichaka chetu hapa Msambweni kilivyopata njia ya wanyama wa mbao, kwa kuwa nanyi mwataka kutengeneza ya kwenu. Nitaeleza, lakini nitaanza na aibu yangu, maana ndiko mambo yalikoanzia.

Mimi ni fundi wa vinu na milango. Mwaka wa pili baada ya bendera yetu kupanda, kijiji kilikabidhiwa kichaka kilicho kati ya skuli na mashamba, tukitunze wenyewe. Kamati ikasafisha njia nyembamba, kisha ikaniita. "Fundi, miti saba imeangushwa na upepo. Ichonge uipange njiani, wazazi wapate pa kutembea na watoto wao." Ndugu zangu, kichwa kilinivimba.

Nikachonga watu. Kila gogo nililisimamisha, refu, kichwa cha mviringo, kifua nimekitia nakshi za pembetatu. Sikujiuliza nakshi zile nimezitoa wapi. Upande wa mama yangu ni Waduruma wa Taru, na babu yangu huko alikuwa akichonga vigango, ile miti inayosimamishwa kwa ajili ya wazee waliofariki. Mkono wangu ulikumbuka, akili imelala.

Siku ya ufunguzi familia zikaingia, watoto mbele. Kwenye gogo la kwanza bibi mmoja jirani yetu, aliyeolewa huku kutoka Taru, alisimama akavua viatu.

"Poleni," akasema. "Nani amefariki?"

Mnacheka. Mimi siku ile sikucheka. Akina mama waliwavuta watoto wao, na mmoja akanipigia kelele, "We fundi, umetuleta matembezini au makaburini?" Maalim wetu akasema taratibu kwamba sanamu za watu hazimpendezi. Kabla ya adhuhuri kichaka kilikuwa kitupu. Lakini kilichoniuma zaidi ni binti yangu wa miaka sita. Tangu siku ile alikataa kupita njia ile pamoja nami.

Nikaitwa fundi wa wafu. Nani ataagiza kinu kwa mtu kama huyo? Tezo yangu ya kuchongea niliichomeka kwenye makuti ya paa, ikala kutu, nami nikawa mtu wa kunywa mnazi. Asubuhi wenzangu wakienda shamba, mimi naelekea kwa mgema. Misimu miwili ya mvua ilipita hivyo. Sifichi kitu, mke wangu yuko pale ananitazama.

Ni yeye aliyenizuia mlangoni siku moja. "Yule bibi utamkimbia mpaka lini? Nenda kamwamkie. Na uoge kwanza."

Nikaoga, nikaenda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Nilidhani nawe umekufa."

Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Kigango husimamishwa kwa ajili ya mtu. Vile vyako ni vya nani?"

"Si vya mtu, bibi."

"Uliita jina la yeyote? Ulitoa sadaka?"

"La."

"Basi ni magogo. Mbona umeyachosha kwa kuyasimamisha? Kayalaze."

Alikuja mwenyewe, akaweka kiganja juu ya gogo la kwanza mbele ya majirani. Nikalichimbua, nikalilaza. Ndipo binti yangu alipotoka nyuma ya leso ya mama yake. Akalizunguka, akagusa zile pembetatu kama mtu anayegusa magamba, akalikalia.

"Baba, huyu mamba mbona hana meno?"

Ndugu zangu, nilikimbia nyumbani kuchukua tezo.

Kumbe watoto walitaka kitu cha kupanda, si cha kuinulia macho. Tangu hapo nalaza gogo, nawaacha walichezee, na wakishaniambia ni mnyama gani, ndipo nachonga. Wamenipa chatu, kasa, ngiri, kobe na nguva. Maalim alipowakuta wajukuu zake juu ya nguva alicheka. "Kitu wanachokikalia hivi, nani atakiabudu? Endelea, fundi."

Namshukuru bibi yule, na kamati ambayo haikumtafuta fundi mwingine. Namshukuru mke wangu, hata kwa ile amri ya kuoga. Nanyi wa Vanga, nawaambia jambo moja: kabla hamjasimamisha kitu njiani, ulizeni watakaopita hapo. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa misimu miwili.

Limebaki gogo moja. Jana binti yangu alinishika mkono tukaenda kulitazama. Amelikalia, ameliacha, amerudi tena. Anasema bado hajajua ni nani. Tezo imenolewa, namngojea yeye.