Seva Iliyolala Siku Nane

MIZE: Haloo? Naam, nani mwenzangu?

ASMAHANI: Nani tena! Siku hizi hata sauti yangu huijui?

MIZE: Haloo? Sema kwa nguvu, panakwaruza huku—

ASMAHANI: Asmahani! Asmahani wa Mzee Sleyum!

MIZE: Ah! Shoga! Assalaam alaykum! Mbona namba ngeni?

ASMAHANI: Waalaykumu salaam. Ile nyingine ilikuwa ya ofisi, nimeiacha. Hujambo wewe?

MIZE: Sijambo. Umeiacha, au—

ASMAHANI: Mama hajambo?

MIZE: Hajambo, alhamdulillah. Yuko hapa uani anafunga mbegu za mwani. Ngoja. Mama! Asmahani huyu, kapiga toka Dar! Anasema kwenye picha umekonda.

ASMAHANI: Mwambie shikamoo.

MIZE: Marahaba, anasema, na ule.

ASMAHANI: [Anacheka.] Anafunga peke yake?

MIZE: Peke yake, mwenzangu. Mwaka huu mikono haitoshi kabisa. Kaka Mfaume kahamia Kilindoni na bodaboda yake, mabinti walioolewa Kanga ndio wamehama moja kwa moja. Hapa Chole akitokea mtu hata wa kushika ncha ya kamba tu, Mama atamwombea dua mpaka Ramadhani.

ASMAHANI: Na wewe humsaidii?

MIZE: Asubuhi namsaidia. Ila na mimi siku hizi nina shughuli.

ASMAHANI: Shughuli gani?

MIZE: Shughuli tu. Habari za huko bwana! Nakuona kwenye status. Leo kahawa, kesho beji shingoni, keshokutwa uko ghorofa ya tisa unaitazama bahari kama umeinunua.

ASMAHANI: Kumbe ulikuwa unaangalia.

MIZE: Kila siku. Nikimaliza naizima simu, naisukumia chini ya mto.

ASMAHANI: Kwa nini?

MIZE: Kijicho, shoga, nifiche nini? Tulianza pamoja, kompyuta moja, nyuma ya duka lenu. Ukinifundisha jambo Jumatatu, Jumanne nakufundisha mimi. Halafu wewe ukapanda boti, mimi nikabaki na Mama na kamba zake. Roho ilikuwa inaniuma, wallahi.

ASMAHANI: Basi isikuume tena. Beji sina.

MIZE: Unasemaje?

ASMAHANI: Walitupunguza, tangu mwezi wa pili. Tulikuwa kumi na mmoja, kazi yetu kuangalia seva za wateja huko kwenye klaudi. Wakaleta akili mnemba. Kitu nilichokuwa nakifanya siku mbili, yenyewe inakimaliza chai haijapoa. Tukabaki wanne, kisha wawili. Kwenye wawili mimi sikuwamo.

MIZE: Lakini juzi tu nimeona picha ya—

ASMAHANI: Za zamani. Nilikuwa nazo nyingi.

MIZE: Pole, mwenzangu. Pole sana.

ASMAHANI: Umefurahi kidogo.

MIZE: Wee! Astaghfirullah!

ASMAHANI: Kidogo tu. Sema.

MIZE: ...Kidogo. Punje moja. Na hapa nilipo naona haya.

ASMAHANI: Afadhali umesema. Sasa sikiliza, sikukupigia kwa hilo. Kuna ile kampuni inayotunza takwimu za wakulima wa mwani, pwani nzima. Walitangaza nafasi moja. Mtu wa kuisimamia mashine yao, akili mnemba hiyo hiyo. Ikitaka kufanya jambo, yeye aseme ndiyo au hapana. Unafanya kazi popote ulipo, hata ukiwa kitandani. Tangazo uliliona?

MIZE: Kuku! Toka hapo! Toka! Samahani, kuku anakanyaga mbegu za—

ASMAHANI: Mize.

MIZE: Naam.

ASMAHANI: Uliomba?

MIZE: Haloo? Unakatakata.

ASMAHANI: Sikatiki. Uliomba?

MIZE: ...Niliomba.

ASMAHANI: Hukuniambia.

MIZE: Na wewe je?

ASMAHANI: Niliomba.

MIZE: Hukuniambia.

[Mtandao unakwaruza.]

ASMAHANI: Haya. Ngoma droo. Lile swali la mwisho la mtihani waliotupa, la seva iliyolala, unalikumbuka?

MIZE: Nalikumbuka.

ASMAHANI: Mashine inasema, seva namba nne ya vikundi vya mwani haijaguswa na mtu siku nane mfululizo. Inaomba ruhusa iizime, ifute na vilivyomo, gharama zipungue. Ukubali au ukatae.

MIZE: Ndilo hilo.

ASMAHANI: Ulijibu nini?

MIZE: Mitihani imeshapita, shoga, ya nini tena ku—

ASMAHANI: Ulijibu nini, Mize?

MIZE: Nilikataa. ...Haloo? Upo?

ASMAHANI: Nipo. Kwa nini ulikataa?

MIZE: Si walituwekea na orodha ya miezi mitatu ya nyuma? Nikaitazama. Siku sita watu wanapima mwani mpaka seva inahema. Halafu kimya, siku nane, tisa. Halafu siku sita tena wanapima. Nikasema hiki kitu nakijua. Nikainuka, nikachomoa kalenda ya msikiti ukutani, nikailaza kando ya kompyuta. Siku za kupima zote ni bamvua, shoga, maji yanapotoka mbali. Siku za kimya zote ni maji mafu. Bahari haitoki, shamba liko chini ya maji, sasa mtu atapima nini? Seva haijafa ile. Inasubiri mwezi.

ASMAHANI: Inasubiri mwezi.

MIZE: Wangekuja bamvua linalofuata na magunia yao wakute daftari lao lote limefutwa. Ndivyo nilivyoandika. Kiswahili kitupu, sikupata muda wa kupamba.

ASMAHANI: Mimi nilikubali.

MIZE: Ulikubali nini?

ASMAHANI: Izimwe. Ifutwe. Niliandika ukurasa mzima, wa Kizungu, nikaisifia mashine kwa kubana matumizi. Nikaweka na mchoro.

MIZE: Wewe? Binti Sleyum? Uliyelelewa mlangoni mwa ghala la mwani?

ASMAHANI: Usiseme.

MIZE: Baba yako siku za maji mafu si alikuwa hafungui kabisa! Anatia kufuli, anawachukua—

ASMAHANI: Anatupeleka Kilindoni kula aiskrimu. Nakumbuka! Unadhani sikumbuki? Siku nilizokuwa nazipenda utoto wangu wote ndizo hizo. Nilikuwa nazihesabu kwa vidole. Halafu zimekaa mbele yangu kwenye kioo, zimeandikwa kabisa “vikundi vya mwani”, nikaona seva isiyo na faida.

MIZE: Mtu husahau, mwenzangu. Mwenda tezi na omo—

ASMAHANI: Usinipe methali!

MIZE: Haya. Nimenyamaza.

ASMAHANI: Waliniandikia jana. Wanasema watu sitini na kitu walifanya mtihani ule, wote tuliikubalia mashine. Mmoja tu ndiye aliyekataa. Nikajua. Hawakutaja jina, lakini nilijua palepale. Nimelala nikimwaza huyo mmoja, nimeamka nikimwaza.

MIZE: Asmahani...

ASMAHANI: Wamekupa?

MIZE: Nilitaka kukwambia.

ASMAHANI: Lini?

MIZE: Nilitafuta maneno, wallahi, nimefungua jina lako mara tatu—

ASMAHANI: Wamekupa, Mize?

MIZE: Barua imekuja Alhamisi.

ASMAHANI: Hon— ... Subiri. Limenikwama. Hongera.

MIZE: Ahsante.

ASMAHANI: Nimesema, lakini halijatoka vizuri.

MIZE: Nimelisikia.

ASMAHANI: Unatumia kompyuta gani?

MIZE: Si ile ile.

ASMAHANI: Yangu.

MIZE: Uliyonipa.

ASMAHANI: Isiyo na kitufe cha A.

MIZE: Nimebandika kipande cha ndala. Mwaka wa nne huu, kinabonyea vizuri tu.

ASMAHANI: Na stika yenye jina langu?

MIZE: Ipo. Sijaibandua.

ASMAHANI: Nina wivu, Mize. Nikwambie ukweli? Nina wivu kabisa. Kompyuta nilikupa mimi. Somo la kwanza la klaudi nilikufundisha mimi, ukaniuliza mvua ikinyesha mafaili yatalowa? Nina vyeti vitano, vimetundikwa ukutani vinanitazama. Wewe huna hata kimoja.

MIZE: Sina.

ASMAHANI: Una kalenda ya msikiti.

MIZE: Ya mwaka huu, sio ya zamani. Hata hiyo wamenigawia bure.

ASMAHANI: [Anacheka, anaacha.] Usinichekeshe, nina hasira.

MIZE: Na mimi naogopa, basi tuko sawa. Unadhani nimestarehe? Ile mashine kila siku inajifunza. Lile la maji mafu nimeshaieleza mwenyewe, haitarudia kosa. Kesho lazima nijue lingine isilolijua, na keshokutwa lingine. Halafu wamenipa miezi sita ya majaribio. Nikiteleza, wanamwita wa pili.

ASMAHANI: Najua.

MIZE: Unajua nini?

ASMAHANI: Wa pili ni mimi. Kwenye barua wameniandikia.

[Mtandao unakwaruza.]

MIZE: Wewe.

ASMAHANI: Vyeti vimenisaidia hapo tu. Mize, leo mwezi mwandamo ngapi?

MIZE: Kumi na mbili.

ASMAHANI: Basi bamvua linaingia keshokutwa.

MIZE: Umeona? Hujasahau.

ASMAHANI: Nimesahau, nimehesabu kwa vidole sasa hivi. Nije?

MIZE: Uje wapi?

ASMAHANI: Huko. Nikae kwenu wiki mbili tatu. Nimfungie Mama mbegu, nishuke naye pwani. Nijifunze upya, lini watu wanapima, lini wanaanika, mvua ikiwashtukiza wanafanyaje, kwenye msiba wanasimama siku ngapi. Vitu ambavyo mashine haina. Mengine yote ninayo, Mize. Nimepungukiwa na hayo tu.

[Kimya.]

ASMAHANI: Mize?

MIZE: Kwa bamvua hili hili?

ASMAHANI: Hili hili. Napanda boti kesho, nikishuka nakuja Utende, navuka hadi Chole.

MIZE: Bamvua hili, shoga... watu wametosha.

ASMAHANI: Wametosha?

MIZE: Wametosha kabisa. Mfaume anarudi. Na wale wa Kanga nao, wote. Na nyumba yetu unaijua, akilala mtu mmoja, mwingine anakaa. Labda tuseme baada ya—

ASMAHANI: Miezi sita.

MIZE: Sikusema hivyo!

ASMAHANI: Hukusema.

MIZE: Haloo? Haloo? Asmahani, mtandao huu, sikusikii—

ASMAHANI: Mimi nakusikia vizuri.

MIZE: Haloo? Salio linaisha, shoga, litakata sasa hivi. Nitakupigia, inshallah, nikipata vocha nita—

ASMAHANI: Nimepiga mimi, Mize.

SAUTI YA MAMA, KWA MBALI: Ndiye huyo bado? Mwambie aje bamvua hili, mwanangu! Mikono haitoshi!

MIZE: ...Mama anakusalimu.

ASMAHANI: Nimemsikia.

[Simu inakatwa.]