Bwana Kuvu na Vyungu Arobaini vya Mayungiyungi

Ndugu, jamaa na majirani, historia hii inasomwa kwa niaba ya familia na binti wa pili wa marehemu, mtamvumilia, maana kuna mahali hata yeye hajaelewa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, ingawa cheti cha shule kinasema 1953 na shangazi amekishikilia hicho cheti mpaka asubuhi hii, akiwa mtoto wa nne wa fundi cherehani, akasoma shule ya msingi kuanzia 1959, kisha chuo cha kilimo, alikohitimu tarehe 2 Desemba 1972.

Tarehe 8 Januari 1973 aliajiriwa katika bustani ya kuzalisha maua, upande wa mayungiyungi, ambayo huota kutoka kwenye tunguu linalofanana na kitunguu, na huko ndiko alikoanza kusema kwamba udongoni mna kuvu njema, inayoshikamana na mizizi, ikiuletea mmea maji na chakula, nao mmea ukiilipa sukari. Wenzake walimcheka mpaka wakachoka, wakambandika jina la Bwana Kuvu, naye akalipokea kama cheo.

Tarehe 20 Agosti 1977 alifunga ndoa na karani wa bustani hiyohiyo, wakajaliwa mabinti watatu, waliokua wakijua kwamba ndoo ya udongo iliyo chini ya meza ya jikoni haiguswi, hata wageni wakija.

Alipostaafu mwaka 2011 alipanga vyungu arobaini barazani, ishirini vyenye kuvu upande wa jua la asubuhi, ishirini visivyo nayo ukutani kivulini, na kila mwaka vile vya kuvu vilitangulia kuchanua, naye akitembea kifua mbele.

Tarehe 3 Februari 2024 alilazwa kwa maradhi ya figo, akamkabidhi binti wa pili vyungu, na binti huyo, aliyesikia habari za kuvu maisha yake yote bila kuiona hata siku moja, alikuta utando mweupe mizizini, akadhani ni ugonjwa, akamwagia vyote dawa ya kuua ukungu. Baadaye mama alimweleza kwamba utando ule ndio kuvu yenyewe. Baba alipomuuliza kama kuvu yake ni nzima, alimjibu kwamba ni nzima kabisa, baba akatabasamu, na tarehe 19 Mei, saa moja asubuhi, akafariki.

Juzi vile ishirini vya kuvu vilitangulia kuchanua, kama kawaida. Ama kuvu ilinusurika, ama ni jua la asubuhi tu miaka yote hiyo na baba alikosea, na binti hajui aombe lipi liwe kweli.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, majirani waliopokezana kumsindikiza mama hospitalini, na wafanyakazi wenzake wa zamani, waliokuja kupima mashina kwa rula wakaondoka wakibishana.

Pumzika kwa amani, Baba, na umsamehe mwanao, kwani ulipomuuliza alikujibu asichokijua, na hata sasa hakijui.