Suti ya Zakayo M'Ikiara na Njia Fupi ya Barafuni

Siku ya Alhamisi, tarehe 28 Agosti 2025, mkurugenzi wa kampuni ya meli aliyoitumikia marehemu Zakayo Murungi M'Ikiara alitangaza rasmi, mbele ya maofisa na wapiga picha, kwamba njia ya kupitia barafu ya kaskazini mwa dunia imethibitishwa kuwa na faida kibiashara, na kwamba mzigo utatoka Asia hadi Ulaya kwa siku kumi na tisa. Marehemu alikuwepo. Alikaa safu ya tatu, amevaa suti yake ya kijivu ya harusi, na hakupiga makofi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 hapa Isiolo, mtoto wa nne wa Mzee M'Ikiara, fundi wa pampu za maji, na Mama Sabina Karoki.

Alisoma shule ya msingi hapa mjini, kisha sekondari huko Meru hadi 1979. Huko mwalimu wa jiografia alichora kwa rula mstari kutoka Japani hadi Uingereza kupitia juu ya dunia, akasema siku moja meli zitapita hapo. Marehemu alitaka kujua meli itafanya nini rula ikikutana na barafu. Alipigishwa magoti hadi kengele ya chakula. Kwa kuwa hakujibiwa, mwaka 1980 alikwenda Mombasa kusomea mitambo ya meli.

Tarehe 12 Desemba 1992 alifunga ndoa na Rebeka Nakal. Suti ile alishonewa hapa mjini, na siku hiyo hiyo akamwambia bibi harusi kwamba atazikwa nayo. Nakal alimjibu asiwaharibie watu keki. Walijaliwa mabinti wawili, Kendi na Atabo, wakajenga Kiwanjani.

Alifanya kazi baharini miaka arobaini na mmoja, na mara tatu alipita katika barafu. Kwamba njia hiyo ni fupi hakukana kamwe. Aliandika tu, katika barua ya kurasa kumi na moja kwa wakubwa wake, kwamba inafunguka miezi michache kwa mwaka. Kwamba bima yake ni ghali. Kwamba meli ya kuvunja barafu hukusindikiza kwa ada, na kwanza wewe huisubiri. Kwamba kina cha maji hakiruhusu meli kubwa, kwa hivyo kontena chache hubebeshwa gharama yote. Na kwamba njiani hakuna bandari ya maana ya kupakia wala kushusha, kwa kuwa dubu hawaagizi bidhaa. Kampuni ilimshukuru kwa mchango wake na kumwalika kwenye sherehe ya uzinduzi, mavazi rasmi. Ndiyo maana suti ilisafiri.

Hapa nyumbani aliyemwelewa ni rafiki yake Dahir, mwenye malori, ambaye mwaka 1998 alikatiza kwa njia ya Kipsing kwenda Maralal ili aokoe mafuta, akakaa siku sita na mbuzi wa watu kando ya laga, mto wa msimu, iliyojaa.

"Zakayo, hiyo si Kipsing tu?" Dahir alimuuliza.

"Ni Kipsing. Lakini Kipsing hata mtu akikuvuta, anakuvuta kwanza ndio mbishane bei."

Siku mbili kabla ya kuondoka meli ya uzinduzi, aliyopangiwa kama fundi wa mitambo, figo zilimwangusha. Alirudishwa kwa ndege akiwa na mfuko wa dawa. Sanduku lake, na suti ndani, likabaki melini. Aliomba lishushwe, maana kutoka bandari ile ya Asia lingekuja Mombasa moja kwa moja. Kampuni ilieleza kwamba haiwezekani. Sanduku lilikuwa limeshaandikwa kwenye orodha ya mizigo, na orodha hiyo, meli ikiwa haijajaa hata nusu, haikuwa na kitu cha kupunguza. Lingepitia Ulaya na kufika Isiolo kabla ya Krismasi.

Meli iling'oa nanga tarehe 12 Septemba. Ilisubiri kusindikizwa siku kumi na moja, ikavunja propela, ikavutwa hadi kibandari fulani cha kaskazini, na bahari ikafunga. Kila wiki kampuni iliandika kwamba sanduku liko njiani. Marehemu alizisoma barua zile kitandani akiwa na penseli, akisahihisha.

Mwezi Januari Nakal alimuuliza, "Baba Kendi, na ukiitwa kabla ya hilo sanduku?"

Aliweka penseli chini. "Mwambie Dahir alete yake. Ni fupi, lakini imefika."

Alituacha Jumatatu, tarehe 9 Februari 2026, saa kumi na moja alfajiri, Nakal akiwa amemshika mkono.

Ameacha mke wake Rebeka Nakal, mabinti Kendi na Atabo, wajukuu wanne, na Dahir, ambaye suti yake haitarudi na ameomba jambo hilo lisitajwe. Mungu ampe usingizi usio na mawimbi.

Jana kampuni ilituma rambirambi, na kuihakikishia familia kwamba sanduku liko njiani. Leo ni siku ya mia moja hamsini na tano tangu meli ing'oe nanga.