Nguo za Watoto wa Ayubu

Kwenye basi, kiti cha mbele yangu, mwalimu wa shule ya Jumapili alikuwa akimfariji fundi cherehani aliyemzika mwanawe mwezi uliopita. "Mkumbuke Ayubu, dada. Alifiwa na watoto kumi, akavumilia, Mungu akampa kumi wengine." Alisema kama mwenye duka anayekubadilishia glasi iliyopasuka.

Fundi alikuwa amepakata sare ya shule. "Hii niliiachia pindo la vidole vinne, mwalimu, nije nilifumue akirefuka. Hebu niambie, mke wa Ayubu alizipeleka wapi nguo za wale kumi wa kwanza?"

Mwalimu alifungua Biblia, akapekua, akapekua tena. Basi liliposimama, fundi aliiweka sare juu ya kurasa zile, akashuka bila kuaga.