Msumeno Hausukumwi

Sogeeni wanangu. Filbert, kaa upande huu ninakosikia. Yoeli, acha kunitazama kama unanipimia jeneza. Na wewe Getruda funga mlango, si kwa ajili ya baridi ya Kifanya, hiyo nimeizoea, bali kwa kuwa nitakayoyasema yana harufu. Nimechefukwa. Mganga wa misheni anadhani ni ugonjwa, mwacheni aandike apendavyo, ndiyo kazi aliyosomea. Walionichefua ni ninyi, Jumamosi ile mliponitoa nje niote jua, nikawaona mkipasua gogo la mkaratusi kwa msumeno wangu.

Filbert, ulisimama juu ya gogo mabega yamekupanda masikioni kama kunguru aliyelowa, magoti umeyakaza, na kila msumeno uliposhuka ukausukuma, eti unamsaidia mdogo wako. Yoeli, kule shimoni chini ya gogo wewe ukawa unavuta kwa mikono, kiuno kimelala, pumzi umeibana kama mtu anayepita karibu na choo. Ubao ukatoka una mawimbi. Nilipouliza, mkanijibu nini? "Baba, sisi tuna cheti."

Cheti! Namkumbuka bwana yule wa serikali mwenye kaptula na kipenga, aliyewakusanya wapasua mbao, ninyi mkiwamo, pale Makambako ili awafundishe kusimama. Alikuwa na karatasi yenye picha ya mtu aliyenyooka kama mlingoti wa bendera, na maagizo kwamba mgongo uwe hivi na viwiko viwe vile, na kipenga kikilia wote wavute. Siku ya tatu watu tisa hawakuweza kuinama kufunga viatu, yaani wale waliokuwa na viatu. Bwana akaandika ripoti kwamba migongo ya Wabena haijakomaa kwa kazi ya kisasa, akapandishwa cheo, akahamishwa. Ninyi mkarudi na cheti, mkakitundika ukutani juu ya picha ya Bwana Yesu. Juu yake! Samaki hukunjwa angali mbichi. Ninyi niliwaacha mkakauka, na mkapigwa mhuri.

Basi sikieni, maana pumzi niliyo nayo ni ya kusema mara moja tu. Kazi hii huanzia nyayoni. Uzito wako ushushe mpaka uone kama gogo limekuotea miguuni. Magoti yalegee, yasikazwe wala yasikunjwe sana. Mabega yaache yaanguke yenyewe. Mikono ni kamba tu, anayevuta ni kiuno, na kiuno hakina haraka. Wa chini anapovuta ndipo meno hukata, na hapo wa juu haongezi kitu, anafuata. Wa juu anapoinua, wa chini anamwachia, hang'ang'anii. Mmoja akijaa nguvu, mwenzake awe mtupu. Pumzi itoke msumeno ukishuka. Na viganja visikilize, maana mwenzako akichoka au akikasirika, habari hufika kwenye mpini kabla haijafika mdomoni. Ila kusukuma, kamwe. Bapa la msumeno likisukumwa hujikunja, na likijikunja hutafuta mwili wa mtu.

Hilo la mwisho sikulisoma kwenye karatasi.

Mnamjua Hilari wa Kichiwa, yule Mkatoliki mwenye bega lililoinama, anayelima njegere peke yake. Mmekua mkisikia kwamba aliteleza shimoni akaniharibia kazi. Wewe Yoeli ulipokuwa mtoto ulikuwa ukimwigiza anavyotembea, nami nikacheka pamoja nawe. Hilari hakuteleza. Mwaka ule vita vya Hitla vilipoanza tulikuwa tukipasua mbao za paa la kanisa letu, yeye chini, mimi juu, na mchungaji akapita akasema mbele ya watu, "Kumbe fundi hapa ni huyu Mkatoliki." Neno hilo tu, wanangu. Mabega yakanipanda. Msumeno uliposhuka nikausukuma kwa mwili wote, nikijua, na mpini wa chini ukamvunja mtulinga, mfupa huu wa begani. Bado alikuwa akigaagaa kwenye unga wa mbao, mimi nimekwisha kuwaambia watu kwamba ameteleza. Akanisikia. Akanitazama kutoka kule chini, na tangu siku hiyo hakuna aliyempa gogo. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Yangu imekuwa ya miaka kumi na minne, tena tambarare, na kila Jumapili imenipitisha chini ya paa lile nikiimba. Mkiona nayachukia mabega yenu, ni kwa kuwa nayatambua.

Sasa shikeni hili. Nyumba ni ya Getruda, ndiye aliyeniogesha. Vinyungu, bustani zetu za bondeni, mgawane ninyi wawili, mfereji uwe mpaka, wala msiende kwa karani wa baraza, atawagawia karatasi. Msumeno si wenu. Msumeno ni wa Hilari. Mtaubeba leo, si baada ya matanga, mpaka Kichiwa, na mbele ya watu, si pembeni, Filbert utamwamkia na kusema: "Kamwene, baba mdogo. Baba yetu alikusukumia msumeno, kisha akakuzushia." Usiongeze kwamba naumwa. Usimbembeleze. Akipenda kuwafundisha, mwaka mzima mkae shimoni mkila unga wa mbao kabla ya kupanda juu. Akiwafukuza, uacheni msumeno mlangoni pake mrudi kimya. Asiyetaka kwenda hana kinyungu kwangu.

Getruda, maji... Kidogo. Basi.

Mbao za jeneza msinunue. Hilari akikubali, zitoke mkononi mwake. Akikataa, nizikeni kwa mkeka, na mtu asimlaumu, hata mchungaji... hasa mchungaji.

Mungu awape miguu inayoikubali ardhi. Awape mwenzi wa kazi kama yule niliyepewa, na... na akili ya kumtunza. Awafunge midomo pale ambapo mimi... niliwahi kufungua wangu.

Filbert, mbona bado umekaa? Viringisha gunia kwenye meno, yasimkate mtu njiani. Yoeli, shika nyuma. Msiniage. Nendeni sasa... ili atakayetaka kunitemea mate... anikute hai.