Papa Kasonia na Muziki wa Watu Wanne

Papa Zorobabel Kasonia anastaafu tarehe 30 Juni 2025, baada ya kukitumikia chuo chetu kwa miaka thelathini na moja na miezi minane. Tarehe hiyo ni sikukuu ya uhuru, na watani wake wa ofisi ya fedha wameshamwambia kwamba taifa zima litapumzika kwa heshima yake. Yeye amejibu kwamba siku hiyo atalala mpaka saa mbili asubuhi, jambo ambalo hajalifanya tangu Oktoba 1993.

Aliyeombwa kuandika wasifu huu ni mimi, Kavuo, katibu wa Kitivo cha Theolojia. Sikuchaguliwa kwa ufundi wa kalamu. Ofisi yangu imepakana na karakana yake kwa miaka kumi na saba, ukuta ni wa mbao, na hakuna mtu mwingine hapa Butembo aliyelazimika kumsikia zaidi kuliko mimi. Mwanzoni nililalamika kwa maandishi, mara mbili. Barua zote mbili nimezikuta kwenye dosie yake, faili lake la kazi, nilipokuwa nikiandaa ukurasa huu, na ninaomba radhi hapa mbele ya wote.

Dosie inasema hivi. Alikuja kutoka karakana ya baba yake mdogo kule Kimemi, kijana seremala, kwa mkataba wa miezi mitatu wa kutengeneza madawati arobaini. Madawati yakaisha, milango ikaanza kulegea. Milango ikakaa sawa, paa la maktaba likavuja. Mkataba ule wa miezi mitatu hakuna aliyekumbuka kuufunga. Katika miaka ya vita, walimu walipotawanyika, yeye alibaki akihesabu mabati kila asubuhi asije mtu akayabandua. Mwaka 2004 alifanywa mkuu wa matengenezo, na tangu hapo karibu kila kitu tunachokikalia, tunachokifungua na tunachokiandikia kimepita mikononi mwake. Kufuli la ofisi ya mkuu wa chuo bado linamtii yeye peke yake.

Dosie ina kurasa sitini na moja. Neno muziki halimo hata mara moja.

Mwaka 1996 mmisionari mmoja mama wa makamo alikuwa akijiandaa kurudi kwao, akaacha stoo sanduku kubwa la mbao. Kasonia aliagizwa alivunje sanduku atengeneze rafu za vitabu. Alipolifungua akakuta violon mbili, yaani fidla, alto moja, ambayo ni kama violon iliyonenepa kidogo, na violoncelle, ile kubwa inayoshikwa katikati ya magoti. Unyevu ulikuwa umezibandua zote. Rafu hazijatengenezwa mpaka leo. Kwa miezi mitatu aliunganisha vipande kwa gundi na vibanio, na kwa kamba ya kwanza alijaribu waya wa breki ya pikipiki. Kovu lililoko kidevuni mwake ndilo jibu alilopewa na waya ule. Mama yule mmisionari akaahirisha safari, akamfundisha kusoma noti za muziki, akamwambia achague chombo. Akachagua alto, kwa sababu ndiyo iliyokuwa imevunjika kuliko zote na ndiyo aliyoijua ndani na nje.

Hilo lilimletea fedheha ndogo. Kanisani kwetu kila mtu anajua kwamba alto ni sauti ya akina mama. Programu ya Krismasi ya 2001 ilipochapwa na kuandikwa "Alto: Kasonia", akina mama wa kwaya walikutana, wakajadiliana, wakamletea kikwembe, kile kitenge cha sare yao. Alipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamtafuta fundi cherehani. Shati lile analo mpaka leo, na hulivaa siku za ukaguzi.

Alikuwa pia mwalimu, ingawa hakuna aliyemwita hivyo kwenye karatasi. Wanafunzi wa darasa lake la kwanza aliwaeleza kwamba kwenye noti kuna alama ya kunyamaza kidogo, nayo kwa Kifaransa inaitwa soupir. Sasa soupir ni kushusha pumzi, na wanafunzi wetu wanakijua Kifaransa. Siku ya kuonyesha walichojifunza, kila walipofika kwenye alama ile walishusha pumzi wote kwa pamoja, kwa nguvu, mbele ya baraza la wadhamini. Mdhamini mmoja aliuliza kama watoto wanakula vizuri.

Ndani ya sanduku lile kulikuwa pia na vijitabu vinne vya muziki, kimoja kwa kila chombo. Panya walikuwa wamekula majalada, na jina la mtunzi likaenda nayo. Hatujui ni nani aliyeutunga muziki ule wala lini. Papa Kasonia huuita "ile ya bane", yaani ule wa watu wanne, na kwa miaka ishirini na tisa ametaka kitu kimoja tu: kuupiga wakiwa wanne, tangu mwanzo mpaka mwisho, mbele ya watu.

Wengi hamkujua hilo. Mlikuwa mkipita karakana siku ya Alhamisi saa kumi na kusikia sauti moja ikishikiliwa muda mrefu, kisha kimya, kisha noti tatu, kisha kimya kirefu zaidi. Alto ikiwa peke yake haina wimbo. Inajaza katikati tu, inangojea wenzake. Mimi kwa mwaka mzima nilidhani anajaribu kama gundi imekauka.

Wenzake walikuwa wakija na kuondoka. Kundi la kwanza lilikuwa walimu wawili na mchungaji, na vita viliwapeleka kila mmoja njia yake. Kundi la pili lilikuwa la wanafunzi, na kila alipompata wa nne, wa kwanza alikuwa anamaliza masomo. Kundi la tatu ndilo lililofika karibu. Abigaïl na Tamar walishika violon, Mbusa akashika violoncelle, wakajifunza kwa miaka minne mpaka hata mimi nikaacha kufunga dirisha. Siku yao ilipangwa Aprili 2020. Machi ya mwaka huo korona ikafunga chuo. Walipomaliza walipata kazi Beni, Abigaïl shuleni, Tamar kwenye famasi, Mbusa hospitalini, nao wakaenda na vyombo vyao kwa ruhusa ya uongozi. Kutoka hapa mpaka Beni ni kilomita hamsini na kidogo. Anayeishi kwetu anajua kwamba kilomita hazisemi lolote kuhusu barabara ile.

Kwa hiyo alipoulizwa mwaka huu anataka zawadi gani ya kuagwa, na sisi tulikuwa tumeshapanga kumpa godoro, aliomba Jumamosi moja, ukumbi, na usafiri wa watu watatu.

Ilipangwa tarehe 14 Juni, saa tisa alasiri, ili kila mtu awe amefika nyumbani kabla ya giza. Alitengeneza viti vinne vipya kwa mbao za mvule, visivyolia mtu anapojisogeza. Issaka, dereva wa Beni anayeaminika kuliko wote kwenye njia ile, aliwapakia watatu asubuhi pamoja na violoncelle iliyofungwa ndani ya blanketi. Hawakufika hata nusu ya njia. Risasi zilikuwa zimesikika mbele, kizuizi kikashushwa, magari yakajipanga.

Saa saba mchana simu ya Papa Kasonia ililia. Yeye alikuwa juu ya ngazi akirekebisha pazia la ukumbi, nami nilikuwa nimemshikia simu, basi niliiweka kwenye sauti kubwa. Alikuwa Abigaïl.

"Papa, banaturudisha," alisema. "Tulingoja, tulingoja, barrière haikufunguka."

Papa Kasonia aliuliza kama wote watatu ni wazima. Akauliza na Issaka. Akauliza tena kama wote watatu ni wazima. Kisha akataka kujua kama mvua imegusa violoncelle. Alipomaliza alishuka ngazi, akaikunja, akaenda karakana akafunga mlango. Mimi nilirudi ofisini nikakaa nikisikiliza ukuta. Kwa miaka kumi na saba nimemwomba Mungu aninyamazishie mtu yule, na siku hiyo nilitamani apige chochote. Hakupiga.

Mkuu wa chuo alipendekeza kwa upole kwamba kwaya ichukue nafasi, watu wasirudi mikono mitupu. Ilikuwa ni huruma, lakini Papa Kasonia alikataa. Saa tisa kamili aliingia ukumbini amevaa shati la kikwembe, ameshika alto na kijitabu chake. Tulikuwa watu kama themanini. Aliketi kwenye kiti chake, cha tatu kutoka kushoto. Viwili vilikuwa upande mmoja, kimoja upande wa pili, vyote vitupu. Ndipo akasema maneno ambayo ninayaandika kama alivyoyasema, kwa Kiswahili chetu cha hapa, ambamo fasi ni mahali.

"Bandugu, fasi nitanyamaza, ni benzangu banapiga. Musiondoke. Muziki haiyaisha."

Akaanza. Alipiga sehemu yake yote, bila kuruka mahali, na pale wenzake walipotakiwa kupiga bila yeye aliiteremsha alto magotini, akahesabu kwa kidole cha mguu, akangoja. Mara nyingine kimya kilikuwa kirefu sana. Tulisikia pikipiki zikipanda mlima, mtoto akiomba maji, mvua ikianza juu ya mabati aliyoyapigilia yeye. Wachache waliondoka na siwalaumu. Waliobaki walianza kufanya jambo la ajabu: walikuwa wakitazama viti. Kila aliponyamaza, vichwa viligeuka taratibu kuelekea kwenye viti vile, kana kwamba kuna mtu amepewa zamu.

Karibu na mwisho kuna mahali ambapo vyombo vingine vyote vitatu hunyamaza na alto hubaki peke yake. Nimeambiwa ni mistari miwili tu ya karatasi. Hapo, kwa muda mfupi, tulichokisikia ndicho kilichoandikwa, hakikupungua kitu, na kilikuwa kizuri. Nililia, na mzee wa idara ya kilimo aliyekaa kando yangu alilia pia ingawa ameniomba nisimtaje.

Alipomaliza alisimama. Hakuinama. Alinyoosha mkono kuvionyesha viti vitatu, kama kiongozi anavyowaonyesha wenzake, nasi tukavipigia makofi.

Jumatatu Abigaïl alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Gari lilikuwa limewarudisha Beni mapema, na kwa kuwa saa ilikuwa imeshapangwa na vyombo vilikuwa mkononi, watatu wale walikaa katika darasa lake, saa tisa kamili, wakapiga sehemu zao. Hawakujua kwamba huku naye anapiga. Niliusikiliza peke yangu ofisini. Kumbe kulikuwa na wimbo. Ulikuwa huko siku zote, kwenye violon, wimbo wa kweli ambao mtu angeweza kuuimba njiani, na mimi kwa miaka yote hiyo nimesikia tu mahali unapokaa. Kisha watatu wakanyamaza, na kwenye simu zikasikika sekunde nyingi za darasa tupu na mtu mmoja akihesabu kwa kunong'ona.

Nilimpelekea karakana. Aliusikiliza mara moja akiwa amesimama, ameshika randa. Fundi wetu wa kompyuta, akitaka kusaidia, alisema ni kazi ndogo: amrekodi Papa, aunganishe na ule wa Beni, na quatuor, ule muziki wa wanne, itakuwa imekamilika kabla ya sikukuu. Wote tulifurahi. Papa Kasonia alimshukuru.

"Hapana," alisema. "Ile itakuwa batu bane benye habakukutana."

Alirudi kuupiga randa ubao, nami nikarudi upande wangu wa ukuta.

Anakwenda Musienene, kwenye shamba la viazi na maharage aliloachiwa na wazazi wake. Mke wake alifariki miaka sita iliyopita, na watoto, mmoja Kampala na mmoja Kinshasa, humpigia simu Jumapili. Ningependa kuandika kwamba hatakuwa mpweke, kwa sababu ndivyo wasifu kama huu unavyotaka, lakini amenifundisha kutoruka mahali. Atakuwa mpweke. Alikuwa mpweke hapa pia, katikati yetu, kila Alhamisi saa kumi, na sisi tulipita tukienda kunywa chai.

Uongozi umempa alto iwe mali yake. Ni barua fupi yenye muhuri, na nimeitia kwenye dosie kama ukurasa wa sitini na mbili, kwa hiyo sasa neno muziki limo. Viti vinne vitabaki ukumbini. Ameomba visitumiwe kwenye mikutano ya bajeti, na ombi limekubaliwa.

Papa Kasonia, tunakushukuru kwa madawati, kwa milango, kwa paa lililotufunika tulipokuwa tunalalamika kuhusu kelele. Asante kwa Abigaïl, Tamar na Mbusa, ambao hakuna aliyekulipa kuwafundisha. Asante kwa kutungojesha Jumamosi ile. Tunakutakia maisha mema, na watu watatu.