Watatu au Kumi na Wawili

Basi lilipoacha soko la Preston, fundi bomba Clive Ogden, aliyeshtakiwa kwa wizi wa mabomba ya shaba ambayo aliapa hakuyagusa, alikuwa na nusu saa ya kuamua: ahukumiwe mahakama ya chini na mahakimu watatu, au aombe kwenda ya juu, mbele ya raia kumi na wawili wa kawaida, ambao ndio huamua kama mtu ana hatia.

"Nenda juu, mwanangu," alisema jirani yake wa mtaani, Bibi Doreen Pickup, aliyeketi kando yake, bila kuulizwa. "Mimi nilikuwa mmoja wa hao kumi na wawili. Jaji mzima, na nywele zake za bandia, alitusubiri siku mbili, mimi na muuza samaki!"

"Juu nitangoja mwaka, mama. Na nikishindwa, kifungo ni kirefu zaidi."

"Unamwogopa muuza samaki?"

"Mlisemezana nini mle chumbani mlimofungiwa kuamua?"

Doreen, ambaye alikwisha kulitangazia basi zima habari za goti lake na bawasiri ya mumewe, akafumba mdomo.

"Sheria imekataza. Hata mume wangu hajui, na huu ni mwaka wa kumi na tisa."

Basi likasimama mbele ya mahakama. Dereva akafungua mlango, akangoja. Clive alikuwa bado amekaa, amemvulia Bibi Doreen kofia.